Kompyuta Iliyokataa Sauti ya Pili

Katika kwaya ya akina mama wa kanisa letu hapa Manga kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote, na kila mama anaijua. Ijumaa inayotangulia makambi, ile wiki yetu ya ibada hemani, kabla jua halijazama na Sabato haijaingia, kila mmoja husimama mbele ya wenzake akauimba wimbo mpya kwa sauti yake, bila karatasi. Anayekosea hasimami na kwaya kesho yake. Huketi pamoja na waumini wengine na kusikiliza.

Sheria hiyo niliiweka mimi, miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwenyekiti wa kwaya. Sikuiweka kwa ukali wa bure. Wakati huo baadhi ya akina mama walikuwa wakija kusimama mbele kwa ajili ya sare mpya, wakifungua vinywa kama vifaranga, na hakuna kilichotoka. Mtu wa kwanza kuketishwa na sheria hiyo alikuwa mke wa shemeji yangu, ambaye shamba lake la chai limepakana na langu. Alikuwa na mtoto mchanga, hakuwa amelala vizuri kwa mwezi mzima, na alikosea ubeti wa pili. Nilimwambia aketi, akaketi. Hatukugombana. Lakini tangu siku hiyo salamu zetu zimekuwa fupi.

Mimi sikusoma. Ndugu zangu wa kiume walikwenda shule, nami nikabaki na ng'ombe. Karatasi ya wimbo hainifai kitu. Kila wimbo nilioimba maishani mwangu umeingia kwa masikio, nao huingia kwa njia moja tu: niwe nimesimama kati ya michai, mikono ikichuma. Nikiketi kitini ili nisikilize, sisikii wimbo. Nasikia nzi, nasikia kuku, nasikia maji yakichemka. Mikono ikipata kazi yake, masikio nayo hupata kazi yake.

Isitoshe, mimi huimba sauti ya pili, ambayo kwa mtu asiyesoma ni ngumu kuliko zote. Sauti ya kwanza ndiyo wimbo wenyewe. Hata mtoto anaweza kuifuata. Sauti ya pili huenda kando yake, kama mtu anayefuata barabara kwa kupita ndani ya mashamba ya watu. Ukipotea kidogo tu, unajikuta barabarani pamoja na wengine.

Zamani tulifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa na subira ya kutuimbia mstari mmoja mara hamsini. Alipozeeka, kazi ikachukuliwa na kijana anayefundisha shule ya msingi. Yeye huimba kila sauti peke yake ndani ya simu na kuwatumia akina mama kwenye simu zao. Simu yangu ni ya vibonye. Inapokea maneno ya watu, haipokei nyimbo. Ndiyo maana mwanangu wa pili aliniletea kicheza-muziki kidogo, kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, chenye visikizi vya kutia masikioni. Nakijua kwa kidole gumba. Kitufe cha juu huanzisha, cha chini hurudisha nyuma. Hakihitaji kusomwa.

Kila mwaka, mjukuu wangu wa kike, huyu anayeandika maneno haya, huja likizoni kutoka chuo cha ualimu na kompyuta yake. Huichukua sauti ya pili kutoka kwenye simu yake, akaipitisha kwenye kompyuta, akaiingiza ndani ya kile kidude. Kisha mimi huingia shambani. Wimbo mmoja hunichukua wiki mbili.

Mwaka huu chuo kilichelewa kufunga. Alifika Jumapili, na majaribio ya kwaya yalikuwa Ijumaa.

Siku ile ile, kabla hajaoga, nilimwekea kidude mezani. Akachomeka waya kwenye kompyuta, akachomeka ncha nyingine kwenye kidude. Kioo chake kidogo kikawaka, kikaonyesha alama ya betri ikijaa.

"Kimeamka," nikasema.

"Kimeamka, magokoro, lakini kompyuta haikioni."

Magokoro ndilo jina wajukuu wetu wanalotuitia sisi bibi zao.

"Haikioni vipi, nacho kipo mbele yake?"

"Inakipa stima tu. Haijui kama ni kitu cha nyimbo. Ingekijua, jina lake lingetokea hapa."

Akachomoa, akachomeka kwenye tundu la pili la kompyuta. Akazima kompyuta, akaiwasha tena. Akazima kidude, akakiwasha tena. Akaenda kuazima waya mwingine kwa jirani. Kila mara betri ilijaa, na kila mara kompyuta ilinyamaza. Nilisimama nyuma yake muda wote huo, na nakiri kwamba kumsimamia mtu mgongoni si msaada.

"Ulitia nyimbo gani humu mwaka jana?" nikamuuliza.

"Nyimbo zako."

"Na za dunia?"

"Magokoro!"

"Nauliza tu. Kitu hakiugui bila sababu. Ulikitumia ukiwa jikoni, nilikusikia ukicheka."

Alifunga kompyuta polepole, jinsi mama yake anavyofunga mlango akikasirika, na akaenda kuoga. Nilibaki na hakika kwamba kosa lilikuwa lake.

Jumatatu aliniambia niende shambani na simu yake, ambayo sauti ya pili ilikuwamo. Nilikataa, kisha nikakubali, kwa sababu siku zilikuwa zikipungua. Alinitia simu mfukoni mwa aproni na visikizi masikioni. Nilichuma mstari mmoja na nusu. Nilikuwa nimeanza kuushika ubeti wa kwanza, pale sauti ya pili inapokawia nyuma ya wenzake, simu ikakata wimbo na kulia. Nikabonyeza nilipobonyeza.

"Uko wapi, mrembo?" sauti ya kijana ikauliza masikioni mwangu.

"Nipo katikati ya michai," nikamjibu. "Nawe uko wapi, na baba yako anaitwa nani?"

Alikata. Huyu anayeandika anataka kuruka sehemu hii, nimemwambia asiruke.

Kabla ya saa nne simu ilikuwa imelia mara sita, na wimbo ulikuwa umeanza upya mara sita. Niliirudisha nyumbani. Nilijaribu pia kuketi mbele ya kompyuta yenyewe, wimbo ukitoka ndani yake, nami nikimenya ndizi. Lakini ndizi huisha upesi, nami nikabaki nikiwasikiliza kuku.

Kulikuwa na njia nyingine, nami niliijua. Mke wa shemeji yangu huimba sauti ya pili kama mimi. Wimbo ulikuwa kwenye simu yake wiki tatu nzima, na alikuwa akiuimba kila asubuhi akichuma, ng'ambo ya mpaka wetu, bila kupunguza sauti kwa ajili ya yeyote. Nilipomsikia, nilibeba kikapu changu nikahamia mwisho wa shamba upande wa bondeni, ambako sauti haifiki.

Mjukuu wangu aliliona hilo.

"Magokoro, si umsikilize tu? Anauimba vizuri."

"Siokoti wimbo uani kwa mtu."

"Si kuokota. Ni kusikia."

"Chuma."

Jumanne tulipanda pikipiki ya boda boda hadi Keumbu, kwa fundi mmoja mwenye kibanda karibu na barabara, ambaye hutengeneza simu na kuwajazia watu nyimbo kwenye kadi. Alikuwa kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Karibu, shosho. Tukusaidie na nini?"

"Mimi si shosho wako wala bibi yako. Kompyuta ya huyu haikioni kidude changu."

"Pole, mama," akasema, akijirekebisha. Alikichomeka kwenye kompyuta yake kubwa, naye akaona tulichokiona sisi: betri inajaa, kompyuta kimya. Akatikisa kichwa, akatoa waya mwingine kwenye droo.

"Sikilizeni. Kuna waya za kulisha tu, na kuna waya za kulisha na kuzungumza. Wengi hununua za kulisha, kisha wanashangaa. Hii yangu inazungumza."

Maneno hayo niliyaelewa, na nikampenda kidogo kwa kuyasema wazi. Lakini waya wake unaozungumza nao ulinyamaza. Akachokonoa mambo kwenye kompyuta kwa muda mrefu, akazungumza na mjukuu wangu kwa lugha ya mashine, kisha akakigeuza kidude mkononi.

"Mama, hiki kimezeeka. Kimekufa ndani."

"Kinaonyesha betri. Maiti haionyeshi betri."

Mwanamke aliyekuwa akingojea kujaziwa kadi alicheka mpaka akashika mlango. Fundi naye akatabasamu.

"Basi labda kisafishwe chote kwa kitufe cha ndani, kianze kama kipya. Lakini nyimbo zilizomo zitafutika."

Humo ndani zimo nyimbo za makambi ya miaka mitatu. Nilinyoosha mkono, akanirudishia. Nilimshukuru, kwa sababu hakutudanganya, tukarudi Manga. Njiani mjukuu wangu aliinamisha kichwa, akiugeuzageuza waya mkononi. Nilidhani anajua kwamba nimemhesabia kosa, na kwamba anaona haya.

Kumbe alikuwa akifikiri. Jumatano asubuhi, jua lilipoingia mlangoni, aliketi kizingitini na vitu vitatu: kidude, simu yake na waya. Akachomeka waya kwenye simu. Akauchomoa, akauchomeka kwenye kidude.

"Magokoro, njoo uone. Kwenye simu waya unaingia wote. Hapa unabaki nje kidogo."

Niliinama. Kweli ulibaki nje, upana wa ukucha tu.

"Na hiyo ni neno?"

"Fundi alisema kulisha na kuzungumza. Ndani ya waya kuna meno. Ya kulisha ni marefu, hugusa kwanza. Ya kuzungumza ni mafupi. Ukiingia nusu unalisha, lakini huzungumzi. Kuna kitu kinauzuia."

Akakizima kidude, akachukua sindano yangu ya kushonea vitambaa, akaichomeka tunduni taratibu, pembeni pembeni. Kikatoka kitu chekundu kidogo, kikaanguka kwenye sketi yake. Akakigusa kwa ncha ya kidole, akakiinua kwenye mwanga. Akachokoa tena, vikatoka viwili, na nyuma yake unga ulioshikamana mgumu kama kizibo, kwa jinsi tulivyoukandamiza na waya tangu Jumapili.

"Hii ni wimbi, ulezi wa uji," akasema.

Niliiokota punje moja sketini mwake.

"Magokoro, wimbi imeingiaje kwenye kidude?"

Nilipoolewa, mama mkwe wangu alinifundisha kwamba kitu unachokithamini hukizika ndani ya wimbi. Mahindi huliwa na fukusi, maharagwe huingiwa na wadudu, lakini wimbi hukaa miaka mingi bila kuharibika, tena hunyonya unyevu wa mvua zetu hizi zisizokoma. Na mwizi, hata mjukuu mdogo mwenye mikono myepesi, hana subira ya kupekua kikapu cha wimbi hadi chini. Ndivyo nilivyotunza hati ya shamba, ndivyo nilivyotunza pete ya marehemu mume wangu, na ndivyo nilivyokitunza kidude kila makambi yalipokwisha. Miaka yote tundu lake lilikuwa na kifuniko cha mpira. Mwaka jana kifuniko kilidondoka shambani, nami nikakizika kidude hivyo hivyo, kinywa wazi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikiweka kwenye kikapu cha wimbi."

Alinitazama. Nilingoja aniulize kuhusu nyimbo za dunia na kicheko cha jikoni. Angekuwa na haki.

"Umekilisha wimbi mwaka mzima," akasema, "na bado ulitaka kiimbe?"

Kisha akacheka, na alipocheka nami nikaweza kumwambia kwamba nilimwonea. Nilisema mara moja, kwa maneno machache, na nimemwambia ayaandike hapa ili yawepo.

Akapuliza tundu, akalisafisha kwa unyoya wa kuku, akachomeka waya. Safari hii uliingia wote. Kompyuta ikatoa mlio mdogo, na jina la kidude likatokea kwenye kioo chake. Mimi sikuweza kulisoma, lakini niliona uso wa mjukuu wangu. Sauti ya pili ikaingia kwa muda mfupi kuliko wa kuosha sufuria.

Nilikuwa na siku hiyo, Alhamisi yote, na Ijumaa hadi saa nane mchana. Nilichuma chai kama mtu anayefukuzwa. Ubeti wa kwanza niliupata jioni ile ile. Wa pili niliupata Alhamisi, kabla ya kupeleka majani kwenye kituo cha kupimia chai. Ubeti wa tatu ulinikataa. Pale sauti ya kwanza inapopanda, ya pili hushuka, na ndiyo sehemu inayoufanya wimbo uwe na uzuri wake. Kila nilipofika hapo, nilishuka hatua moja, kisha nikajikuta nimepanda na wengine. Nilibonyeza kitufe cha chini mpaka kidole kikaniuma.

Ijumaa tulikutana kanisani saa tisa. Mwalimu wa kwaya alituita wanne wanne, kila mmoja na sauti yake. Zamu yangu ilipofika nilisimama wima, mikono ubavuni. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda. Kwenye wa tatu, sauti ya kwanza ilipanda, nami nikapanda nayo. Nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote kujua.

Mwalimu aliinua mkono, akatunyamazisha kwa upole.

"Mama, ni mahali padogo sana. Kesho simama tu na wenzako, na hapo ufungue mdomo bila kutoa sauti. Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi," nikasema. "Na ni kufungua mdomo bila sauti ndiko kulikoleta sheria hii."

Akina mama walitazama sakafu. Kutoka mstari wa nyuma, mke wa shemeji yangu akasema, "Mwalimu, mwache asimame. Akiketi kule chini atatukazia macho mpaka tusahau sote."

Wakacheka wote, na mwalimu pia. Mimi nilichukua mkoba wangu, nikaenda kuketi kwenye benchi la waumini. Hakuna aliyenisukuma.

Siku ya Sabato niliketi hemani kati ya wageni kutoka Ekerenyo na wazee wa kanisa, nikiwa na nguo ya kawaida. Sikuwahi kuitazama kwaya yetu kutoka mbele. Kutoka mbele, sare zina urefu tofauti, na wawili hutazama viatu vyao wakati wote, hayo nitayasema. Ubeti wa tatu ulipofika nilimwangalia mke wa shemeji yangu. Wenzake walipanda, naye akashuka peke yake, bila haraka na bila kuwatazama wanaopanda, mpaka chini kabisa, akawangojea huko mpaka wakamrudia. Nilikuwa nimebonyeza kitufe siku mbili nikisikia sauti ile ikiwa peke yake. Sikuwa nimesikia inavyoshuka wengine wakiivuta.

Makambi huchukua wiki nzima, na kwaya huimba tena Sabato ya kuyafunga. Aliyeketishwa huruhusiwa kujaribiwa upya Ijumaa ya mwisho. Hilo nalo nililiweka mimi, lakini katika miaka yote hakuna aliyewahi kulitumia.

Jumatatu, umande ukiwa bado kwenye majani, nilibeba kikapu changu hadi mpakani. Mke wa shemeji yangu alikuwepo ng'ambo, akichuma, visikizi vikining'inia shingoni.

"Umeamkaje?" nikamwamkia.

"Salama. Kidude chako kimekula nini tena?"

Habari za kijijini kwetu hazihitaji waya.

"Kidude ni kizima. Kinaimba vizuri. Lakini nikikosea hakinirudishi. Nataka unipe ubeti wa tatu."

Aliendelea kuchuma kwa muda. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, bila kuinua kichwa.

"Mimi nikifundisha si mpole," akasema.

"Sikuja kutafuta mpole."

"Na sitakuambia uko sawa kama hauko sawa."

"Ukiniambia hivyo nitaondoka."

Hapo aliinua kichwa. Akaniambia niimbe sauti ya kwanza, sauti ya kila mtu, naye akaimba ya pili juu yake, ili nisikie zinapoachana. Kisha tukabadilishana. Nilipopanda alinikatiza kwa kupiga ulimi, kama anavyomfukuza mbuzi, na tukaanza upya. Tulifanya hivyo asubuhi nne, yeye upande wake na mimi wangu, tukisogea pamoja mstari hadi mstari. Siku ya tatu aliniambia pia kwamba nachuma majani mazito, na hilo halikuwa la wimbo.

Ijumaa nilijaribiwa. Sabato ya kufunga nilisimama mstari wa pili, mkono wake wa kushoto, katika sare. Ubeti wa tatu ulipokaribia, alinikanyaga mguu kunikumbusha, ingawa nilikuwa nakumbuka. Tukashuka.